Picha Iliyofika Msibani

Ujerumani,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Nakuamkia kwa karatasi kwa sababu kwa simu imeshindikana. Simu yako siku hizi inapokelewa na Kaka Elieza, na Kaka akisikia sauti yangu anakata. Habari za hapo nyumbani? Miguu inaendeleaje, na kile kikohozi cha asubuhi? Unakula? Unapata usingizi? Barua zangu zote huwa naanza kwa kusema mimi ni mzima, wasiwasi ni kwenu mlio mbali. Safari hii sitakudanganya. Mwili ni mzima, kazi nafanya, chakula kinashuka. Yaliyobaki utayasoma.

Barua hii inaletwa na mzee mmoja wa usharika wa hapa anayekuja huko Same kuangalia mradi wa maji. Nimemwomba aikabidhi mkononi mwako wewe, si kwa mtu mwingine, hata kama mtu huyo atajitambulisha kwamba ndiye mwanao wa kwanza. Vaa miwani uisome mwenyewe kama unavyosoma Zaburi. Ndani ya bahasha utakuta picha nimeifunga kwenye karatasi nyeupe. Naomba usiifungue kwanza. Iweke chini ya Biblia mpaka nitakapokuambia.

Najua umeshaiona kwenye simu ya Kaka. Ukoo mzima umeiona. Kaka ameshafungua kesi, shahidi ni picha, hakimu ni Baba Mdogo, na hukumu imesomwa mshtakiwa akiwa Ulaya. Watu hututania sisi Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tufuatilie kesi ya kuku. Sawa, na mimi ni Mpare. Nataka nisikilizwe.

Siku Kaka aliponipigia kuniambia kwamba Baba amekata roho pale hospitali, nilikuwa jikoni namenya viazi. Nilipiga yowe. Lile la kwetu, linalotoka tumboni, ambalo ukilipiga hapo nyumbani mtu wa ng'ambo ya bonde anatua jembe. Mama Lena akaja mbio. Huyu ndiye mama wa nyumba ninayokaa, namlea binti yake Lena aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka tisa. Wenyewe wanataka niwaite kwa majina yao, mume na mke, lakini ulimi wangu umekataa. Akanikumbatia. Halafu akanyoosha mkono akafunga dirisha. Hakulifunga kwa ubaya. Hapa majirani wakisikia mtu anapiga kelele wanaita polisi, na kengele ya mlango ilikuwa imeshalia. Baba Lena akaenda kuongea na jirani mlangoni. Nikamsikia anamwambia hakuna tatizo. Lile yowe nikalimeza likiwa nusu, na likakaa humo humo.

Habari ya kushindwa kuja ulishaelezwa, lakini nirudie uisikie kwangu. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kimefika mwisho na kipya kiko ofisini kwao. Waliniambia nikitoka kabla sijakipata, sirudi tena. Nikamwuliza Kaka kama mnaweza kunisubiri. Akasema mvua zinanyesha, barabara ya kupandia huko juu inateleza, na marehemu hasubiri makaratasi ya Wazungu. Labda alikuwa sahihi. Iliniuma vilevile.

Sasa nikueleze kosa nililofanya, maana lipo, ila si lile mnalolisema. Nilipotulia kidogo Mama Lena aliniuliza, "Unahitaji nini? Tukufanyie nini?" Mama, nani kwetu anamwuliza mfiwa anahitaji nini? Nikajibu kama ulivyonilea. Nikasema, "Hapana, asante. Niko sawa." Nilijua watakuja tu. Bibi alipofariki nilikuwa mdogo lakini nakumbuka: kabla jua halijapanda kina mama walikuwa wameshafika na mizigo ya kuni, mwingine na mahindi ya makande, mwingine mikono mitupu akakaa tu chini karibu yako. Hakuna aliyeuliza. Ilikuwa kama msaragambo, kijiji kizima kinapotoka kuzibua ndiva, lile bwawa la kumwagilia: pembe ikilia, mtu anabeba jembe anakwenda, haulizi kama maji ni ya shamba lake.

Basi kesho yake nikapiga deki chumba changu. Nikasogeza kitanda pembeni. Nikakokota viti vya mezani kwao nikavipanga ukutani. Nikachemsha chai kwa ile tangawizi ya shambani kwa Baba uliyonifungia nilipoondoka, nikajaza chupa mbili. Nikajifunga kanga, nikakaa chini, nikasubiri watu.

Hakuja mtu, Mama. Mchana kengele ikalia, nikakimbilia mlangoni. Alikuwa mtu wa posta ana kifurushi cha jirani. Jioni Mama Lena akachungulia, akaviona viti, akaniuliza kama nafanya usafi mkubwa. Nikasema ndiyo. Nikavirudisha kimoja kimoja. Chai nikaimwaga kwenye sinki, na harufu yake ikanitoa machozi, lakini yale ya kimya, ya kufuta kwa kiganja. Kadi ya pole ilikuja siku iliyofuata kwa posta, imetumwa na mchungaji wetu wa hapa anayekaa mtaa wa pili. Mtaa wa pili! Angeweza kuja kwa miguu amevaa ndala.

Jumamosi mliyomzika Baba ndiyo ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Lena. Walimwahidi tangu majira ya baridi kwamba siku hiyo watampeleka kwenye uwanja mmoja mkubwa wa mabembea nje ya mji, na tiketi zilishanunuliwa zamani, yangu ikiwemo. Kaka anawaambia watu kwamba nilikwenda disko. Si disko. Ni eneo pana ambalo lingemeza kitongoji chetu na shule yake, limejaa mashine za kuwazungusha watu hewani, na vigari vinavyokimbia juu ya reli zilizopindapinda kama utumbo wa mbuzi. Watu wazima wanapanga foleni ndefu kwa hiari yao ili watishwe kidogo, wakishuka wanarudi kwenye foleni. Baba angeuliza kama hawana mashamba.

Ijumaa Baba Lena aliniita sebuleni akasema kwa upole, "Nakundwa, si lazima uje. Ukipenda, baki nyumbani. Utapata utulivu, utakuwa peke yako." Alikuwa ananipa kitu kizuri kwa kadiri ya mila yao, huku mwenye huzuni anaachwa apumue. Lakini mimi nilisikia kwamba siku ya kuzikwa baba yangu nitakaa peke yangu kwenye nyumba tupu, madirisha yamefungwa. Kwetu hata mlevi aliyeuza mabati ya mama yake hafanyiwi hivyo akifiwa. Nikaogopa, Mama. Nikamwambia nitakuja. Kama kuna mtu anataka kujua nilifuata nini kule, mwambie nilifuata watu.

Nilivaa gauni jeusi, kichwani nikafunga kitambaa. Nikajipa kazi ya kushika mikoba, nikakaa kwenye benchi karibu na kibanda cha viazi vya kukaanga. Neema, binti wa Shangazi, alikuwa ameniahidi kunionyesha maziko kupitia simu yake. Na alinionyesha, Mungu ambariki, kwa kadiri mtandao wa mlimani unavyoruhusu. Nikaona turubai. Nikaona migomba ya nyuma ya nyumba imelowa. Nikakuona wewe umeshikwa huku na huku, Shangazi kulia, mke wa Kaka kushoto, na kitenge chako kimeteleza begani na hakuna aliyekirudisha. Nilitamani kuingiza mkono ndani ya simu nikiweke vizuri. Kwaya ilikuwa inaimba. Jeneza lilikuwa juu ya mbao na kamba zimeshapitishwa. Mchungaji akanyanyua mkono, na hapohapo picha ikaganda.

Nikasubiri. Nikazima simu nikawasha. Mchungaji bado alikuwa amenyanyua mkono. Nyuma yangu muziki wa mabembea unapigwa, na mtoto wa watu analilia aiskrimu.

Hapo ndipo Mama Lena alipokuja amemshika Lena mkono. Kile kigari kikubwa kuliko vyote, mtoto wa umri ule hapandi bila mtu mzima. Mama Lena ana mgongo mbovu, na Baba Lena alishapanda kingine kidogo tu akatapika nyuma ya mti. "Nakundwa, unaweza kukaa naye? Mara moja tu. Ni siku yake." Ningesema nini? Kumlea huyo mtoto ndiyo kazi iliyonileta. Kabla ya kupanda, kila kitu cha mkononi kinaachwa kwenye kisanduku. Simu yangu nikaiweka humo, mchungaji akiwa hivyo hivyo na mkono wake juu.

Tulikaa kiti cha mbele. Chuma kikatubana mabegani. Kigari kikapanda taratibu, kinakwaruza, mpaka nikaona mashamba ya ng'ambo na magari ya barabara kuu yamekuwa madogo. Kileleni kikasimama kidogo. Kukawa kimya. Nikasema moyoni, sasa hivi wanamshusha. Sijui kama ilikuwa dakika ileile. Mimi nimeamua kwamba ni ileile. Kisha kikaachia.

Watu wote wakapiga kelele. Wote, Mama, mpaka wazee wenye mvi, walewale ambao mtu akipaza sauti mtaani wanafunga madirisha. Na lile yowe nililolimeza jikoni likatoka. Nilimlilia Baba. Nilimwita, "Baba yangu wee! Baba, unaniachaje!" kwa Kiswahili na kwa Chasu, Kipare chetu, nikanyoosha mikono juu kama Shangazi anavyofanya jeneza likiingia chini. Nililia mteremko wote, nikalia kwenye kona, nikalia mteremko wa pili. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyeita polisi. Katika nchi hii nzima nimepata mahali pamoja tu ambapo mtu anaweza kumlilia baba yake kwa sauti, na hapo penyewe ni pa kulipia.

Lena peke yake ndiye aliyegeuka kunitazama. Kigari kiliposimama hakuomba turudie, na yeye ni mtoto wa kurudia kila kitu. Akaniuliza, "Umeumia?" Nikamjibu ndiyo. Akanishika mkono mpaka chini.

Sasa hiyo picha. Kwenye ule mteremko wameficha kamera. Ukishatoka unapita kwenye duka, unakuta nyuso zenu zimepangwa kwenye skrini na watu wanajicheka. Mama Lena alitutangulia huko. Nilipoingia alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. "Nakundwa, tazama! Unacheka! Jamani, hatimaye unacheka!" Akanikumbatia, machozi yanamlengalenga, machozi ya furaha kweli. Akanunua mbili. Namba ya Kaka anayo, nilimpa mwenyewe tangu mwanzo kwa ajili ya dharura. Akaipiga picha ile picha kwa simu yake, akamtumia Kaka, akaweka moyo mwekundu na maneno ya Kiswahili aliyotafsiriwa na simu: "Dada yako ana furaha leo."

Mimi sikujua. Nilijua jioni ujumbe wa Kaka wa sauti ulipoingia. "Nakundwa, hivi una akili timamu kweli wewe? Watu bado tuko kaburini, udongo uko mikononi, simu inalia, natazama, dada yangu anabembea na Wazungu, kinywa wazi! Baba Mdogo kaiona. Mama kaiona. Haya, endelea na furaha yako. Na mimi usinipigie." Nyuma ya sauti yake nilisikia masufuria yanasuguliwa na watu wanazungumza, na mtu anaita, "Leteni mkeka." Matusi ya Kaka nimeyazoea tangu utotoni. Kilichonichoma ni huo mkeka. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na mimi ni mtoto wa nyumba hiyo.

Neema ameniambia yaliyosemwa siku ya kumaliza matanga. Kwamba Baba Mdogo alisimama akasema, mtoto anayecheka baba yake akizikwa hana udongo wa kuweka juu ya kaburi lile, na siku ya kulijengea nisihesabiwe. Kwamba wazee walinyamaza. Nikamwuliza, na Mama alisemaje? Akabadilisha mazungumzo. Nikamwuliza tena, akasema betri yake inaisha.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kaka akinikasirikia, tutagombana nikija, mdomo ninao. Baba Mdogo akinifuta, nitakwenda kukaa mlangoni kwake mpaka achoke. Lakini wewe Mama, kama na wewe uliona kicheko, basi sina pa kurudi. Nimekuwa na hasira na wewe pia, nisikufiche. Nilisema, mama yangu hata akinyang'anywa simu, anajua kwa Neema ni wapi. Halafu nakumbuka kile kitenge kilivyoteleza, hasira inaisha, nabaki na woga tu.

Mama Lena sijamwambia chochote. Ananipenda, na sijui ningeanzia wapi. Nakala ya pili ya picha ameibandika kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Kila asubuhi nikienda kuchukua maziwa ya mtoto, nakutana na kilio changu kinaning'inia pale kati ya ratiba ya takataka na namba ya daktari wa meno. Wageni wakija wanaonyeshwa. Wanasema nina meno mazuri. Juzi niliikuta imegeuzwa, uso umeelekea mlango. Mama Lena akaigeuza, akadhani ni upepo. Jana ilikuwa imegeuzwa tena. Nilimtazama Lena, naye akazidi kukoroga uji wake.

Sasa Mama, itoe picha chini ya Biblia.

Sogea mlangoni penye mwanga. Najua utasema, "Mwanangu wewe, mbona una amri nyingi!" Vumilia. Weka kidole gumba juu ya mdomo wangu, ufunike meno yote mpaka kidevu. Ubakishe macho. Huyo mtoto wa pembeni ni Lena, yeye anacheka, mlinganishe. Halafu unitazame mimi. Wewe ulinijua kabla sijaota hayo meno yanayosifiwa na wageni. Ulikuwa unajua huyu analia njaa, huyu analia homa, ukiwa bondeni unapalilia tangawizi na mimi nimebebwa na Shangazi huku juu. Niambie, huyo anacheka?

Ukiona anacheka, itie jikoni iungue, na mimi sitauliza tena. Ukiona analia, basi nakuomba kitu kimoja. Siku utakayokwenda kwa Baba, chukua udongo kiganja kimoja, udongo wowote wa hapo shambani kwake, umwekee na useme huu ni wa Nakundwa. Usimwombe mtu ruhusa. Kaburi ni la mume wako.

Nisalimie Shangazi, mwambie nimeona alivyokushika, na nitamshukuru nikiwa nimepiga magoti. Nisalimie mke wa Kaka, najua ndiye aliyepika kwa siku zote zile na hakuna aliyemwambia ahsante. Neema asiogope, sitamtaja kwa mtu. Nisalimie na mama jirani wa pale kwenye mfereji, aliyeleta kuni za kwanza kama alivyoleta kwa Bibi, sijaambiwa lakini najua ni yeye. Baba Mdogo mpe shikamoo yangu. Hukumu yake nimeikataa lakini shikamoo yake ipo palepale. Watoto wa Kaka wote wabusu, hasa yule mdogo anayefanana na Babu yake masikio.

Na Kaka Elieza mwenyewe msalimie. Usibishane naye, mwambie tu nimeomba akumbuke siku ile aliyonipigia. Kabla sijatamka neno, kabla dirisha halijafungwa, kuna sauti aliisikia kwenye simu mpaka na yeye akashindwa kuendelea kusema, tukalia wote wawili. Ni sauti hiyohiyo. Picha haikuibeba, Mama, lakini yeye anayo sikioni.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako na wa Baba,

Nakundwa.